Katibu wa Miji Miwili

Katibu hakuwahi kufika Mombasa. Nalitaja hili mapema kwa sababu kila ninayemsimulia habari zake hukataa kuniamini, na wapo Wamombasa ambao mpaka leo wanadhani nawafanyia mzaha. Mtu aliyetumia miaka yake yote ya kustaafu kuunganisha mji wetu na mji wao, akiandika barua, akipanga safari, akigombana na watu wa tiketi kwa ajili ya abiria asiowajua, mwenyewe hakupanda ndege hata mara moja. Boti nayo ilimchafua roho ingali imefungwa gatini.

"Mimi nnakwenda kwa karatasi," alikuwa akisema. "Karatasi haitapiki."

Jina lake analo, lakini silitumii, kwa sababu hakuna aliyelitumia. Mkewe, Mungu amrehemu, alimwita Katibu. Muuza samaki wa Kikwajuni alimwita Katibu. Ukatibu wenyewe ulikuwa wa kamati ya watu kumi na mmoja tu, watembezaji wa wageni, wapishi, wachongaji na mwenye hoteli mmoja ambaye ndiye mwenyekiti wetu, tuliokuwa tukikutana ukumbini kwake tukikalia mikeka. Kazi yetu ilikuwa moja. Kwa miaka mingi Mombasa na sisi tulikuwa tukivutana mgeni yule yule, huyu akimshika mkono wa kulia na huyu wa kushoto, na kila mmoja akimsema mwenzake. Katibu aliona ujinga. Alitaka mgeni anayeshukia Mombasa akimaliza kule aletwe kwetu, anayeshukia kwetu apelekwe kule, na mpakani pale anapogongewa muhuri wa pasipoti asihisi kwamba amehama nyumba, ahisi ametoka ukumbini kaingia uani.

"Usimmalize mgeni," alitufundisha. Maana yake ilikuwa hivi: mtembezaji wa Mji Mkongwe akimpitisha mgeni Shangani, Mkunazini mpaka Darajani, asimwambie sasa umeona kila kitu. Mgeni akiuliza milango ya wapi mizuri zaidi, yetu au ya Mombasa, jawabu lake ni moja: nenda ukaone ya kule, halafu urudi utwambie. Na watu wa kule walifundishwa kutujibia hivyo hivyo. Mwanzo niliona ni kujinyima riziki. Baadaye nilipoona wageni wanarudi kweli, na wanarudi na jamaa zao, nilinyamaza.

Nilimjua nikiwa napaka hina Forodhani. Mume wangu alikuwa ameniacha na watoto wawili na mlango mbovu, na nilikuwa nakaa na wino wangu wa hina nikiwachora wageni viganja. Nikiwachora nawasimulia, maana mkono wa mgeni hutulia akipata hadithi. Siku moja nilikuwa namwambia mama mmoja wa Kizungu kwamba jumba lile refu lilijengwa na jini kwa usiku mmoja, na ndiyo maana ngazi zake hazilingani. Mzee mmoja wa kanzu nyeupe na koti la kijivu, kalamu tatu mfukoni, akasimama mpaka nikamaliza.

"Nimekusikia," akaniambia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Jumba lile halikujengwa na jini."

"Wageni wanapenda jini, mzee wangu."

"Bibi wee, kama unaweza kuusema uongo vizuri namna hiyo, ukweli utakushinda nini?"

Nilikasirika, sitaficha. Lakini kesho yake nilikwenda Kikwajuni kuuliza nyumba ya mzee mwenye kalamu tatu, na sikuhitaji kuuliza mara mbili.

Uongo ndio uliokuwa adui yake mkubwa. Hakuuvumilia hata ule mdogo wa kibiashara. Mpishi akisema biriani yake ni ya asili ya masultani, Katibu anamuuliza, sultani gani, na nani alikwambia. Kitabu chake cha mihtasari kilikuwa na jalada gumu jeusi, na ndani yake, alituapia, halimo neno lisilo la kweli. Mtu akichelewa kikao kwa dakika saba, anaandika saba. Siku aliyochelewa mwenyewe, kwa kuwa njia nzima kutoka msikitini alisimama kuamkiana na watu, aliandika: Katibu alichelewa kwa robo saa, hana udhuru.

Sehemu aliyoipenda zaidi katika kila muhtasari ilikuwa ya mwisho, ile ya mengineyo. Sisi tukifika hapo tunatafuta viatu. Yeye ndipo anapokaa vizuri. Alisema kwenye agenda watu wanasema waliyoyapanga, kwenye mengineyo wanasema waliyonayo. Na kweli, ilikuwa katika mengineyo ndipo kinamama wa Chwaka walipopata kusema kwamba sabuni zao za mwani zinaozea sandukuni, na ndani ya miezi michache sabuni hizo zikawa zinauzwa katika maduka ya Mji wa Kale wa Mombasa, zimefungwa kwa kitambaa cha kanga. Mchongaji wetu mmoja alipata kazi ya milango kule kwa njia hiyo hiyo. Wao wakaleta wapishi wao kutufundisha kupokea wageni majumbani, maana katika hilo walitutangulia.

Pamoja na mapenzi yote hayo, lilikuwepo jambo moja ambalo Mombasa hakuwasamehe, nalo ni mahamri.

"Yamejaa upepo," alikuwa akisema. "Unauma, hamna mtu ndani. Andazi letu unaliuma nalo linajua limeumwa."

Alilisema hili mbele ya Wamombasa wenyewe, usoni, huku akila la tatu. Lakini aliposikia mmoja wetu anawateta wasipokuwepo, mambo mengine kabisa. Mwenyekiti aliwahi kutania kwamba watu wa kule ni wajanja, ukipeana nao mkono hesabu vidole. Katibu akafunga kitabu. "Hilo siandiki," akasema, "na wewe nenda kasukutue." Mwenyekiti, mtu mwenye hoteli ya vyumba thelathini, akainuka akaenda kweli kwenye mfereji wa maji, akasukutua.

Alikuwa na ramani ya Mji wa Kale wa Mombasa aliyoichora mwenyewe. Hakuinakili popote. Aliichora kwa kuwauliza watu. Kila anayerudi kutoka kule alikalishwa chini, akapewa chai, akaulizwa: ukitoka msikitini ukapinda kushoto, unakuta nini? Mlango rangi gani? Baraza liko upande gani? Miaka na miaka. Safari yangu ya kwanza kwenda kupokea wageni alinipa ramani hiyo, nikatembea nayo asubuhi nzima bila ya kumuuliza mtu. Kila kitu kilikuwa mahali pake, isipokuwa duka moja la halua ambalo lilikuwa limefungwa. Niliporudi nikamwambia. Kama aliyeletewa habari ya msiba, akachukua kifutio, akalifuta polepole, halafu akasema, "Inna lillahi," na ndipo akaniuliza nimesafiri vipi.

Niseme sasa deni langu kwake, ambalo si la pesa. Nilipotaka kufanya kazi ya kutembeza wageni, kaka yangu alikataa katakata. Mwanamke aliyeachwa, vichochoroni na wanaume wa Kizungu, watu watasemaje? Katibu alikwenda kwa kaka yangu mara tatu. Mara ya kwanza hakukaribishwa kukaa. Mara ya pili alikaa hakupewa chai. Mara ya tatu alikwenda na chai yake kwenye chupa, akamwambia kaka yangu, "Leo nimekuja na yangu, tusione tabu." Kaka akacheka, na akalainika. Lakini alitoa sharti mbele yake: siku nitakapotia aibu, ya aina yoyote ile, beji ya utembezaji naivua na narudi ndani. Katibu akasema amekubali kunidhamini. Nikapata beji. Baada ya miaka minne nikawa naibu wake katika kamati.

Na mimi aibu niliitia.

Tulikuwa tumekubaliana na wenzetu kwamba ushirikiano wetu tuuzindue kwa sikukuu. Wao watakuja watu kumi na wawili, wale nasi Idi, waone viwanja vya Mnazi Mmoja vinavyojaa siku nne mfululizo, na wakala mmoja mkubwa wa safari atakuwepo kutazama kama miji hii miwili inaweza kweli kupokezana wageni. Tarehe hatukuweka. Nani anaweka tarehe ya Idi? Tuliandika: siku ya Idi mosi, ndege ya mchana. Sote tuliona imeeleweka.

Ipo miaka Mombasa wanafungua siku moja na sisi, na ipo ambayo wanatutangulia. Hakuna ugomvi katika hilo, kila mji unasikiliza wakubwa wake. Katibu aliliona mbele. Aliniita, nikaitika naam, akanambia, "Usiku wa mwezi usiwajibu chochote mpaka utangazwe hapa. Umenisikia?" Nilimsikia.

Siku ya ishirini na tisa, magharibi, nina tambi jikoni, watoto wanagombania viatu vipya, simu ikaingia ujumbe: Tumeuona, kesho twaja, inshallah. Nikajibu bila ya kufikiri: Karibuni sana, hapa tayari. Nikarudi kwenye tambi. Ilipotangazwa kwetu kwamba mwezi haukuonekana, na kesho ni kufunga thelathini, mwiko uliniponyoka mkononi. Nikapiga simu. Kule wapo kwenye takbiri na shamrashamra, nani atashika simu? Asubuhi nilipowapata, walikuwa wameshaswali Idi na wako njiani kwenda uwanja wa ndege.

Nilikwenda kwa Katibu nikamweleza. Hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema tu, "Wanakula nini?" Kisha akafunga msuli kiunoni, akaingia jikoni.

Wageni walishuka na nguo zao za Idi na vikapu vya mahamri, mji mzima umefunga, majiko baridi. Wenyewe waliona haya kuliko sisi. Walikuwa wakiongozwa na mama mmoja mrefu, mpishi, ambaye sote tulimwita Bi Mombasa, na yeye alipofika nyumbani kwa Katibu akamkuta mzee amefunga, yuko juu ya sufuria la pilau ya watu kumi na wawili, jasho linamtoka.

"Katibu! Wafunga nawe watupikia?"

"Nyinyi wageni. Njoo unionjee chumvi, mimi siwezi."

Akaonja. "Chumvi bado."

"Na sasa?"

"Bado kidogo, yakhe, usiogope."

Basi pilau ile ilipikwa na mtu anayefunga na kuonjwa na mtu aliyefungua, na ilipoiva Bi Mombasa alikataa kula. Akasema watangoja magharibi wale nasi. Wengine walikuwa na njaa, mmoja alinung'unika hadharani, lakini walingoja. Wakala aliondoka kabla ya futari akisema watu wasiojua siku yao wenyewe hawezi kuwapa wageni.

Kikao cha baada ya sikukuu kilijaa. Wapo waliosema Mombasa wametudharau. Wapo waliosema mpango wenyewe uvunjwe, kila mji urudi kwa mgeni wake. Mwenyekiti akauliza swali ambalo nilikuwa naliota tangu Idi: ni nani aliyewaambia waje? Kaka yangu, ambaye wala si mwanakamati, alikuwa amesimama mlangoni. Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Lakini ulimi haukunyanyuka, nikaona beji, nikaona watoto, nikaona mlango mbovu.

"Mimi," akasema Katibu.

Kisha akachukua kalamu, akaandika huku anasoma kwa sauti: "Imebainika kwamba Katibu alikosea siku ya kuwaalika wageni. Katibu anaomba radhi kwa pande zote mbili, na anajiuzulu. Kosa ni la mtu, si la mji. Ushirikiano uendelee." Akakausha wino kwa pumzi, akanisukumia kitabu mikononi. Waliona ni jambo la kawaida naibu kushika nafasi. Hivyo ndivyo nilivyoupata ukatibu.

Alipoondoka yeye, hasira za watu zilikosa pa kukaa. Mombasa walipata barua ya radhi yenye sahihi yake na wakajibu kwa upole. Tukaweka kanuni, tunayoifuata mpaka leo, kwamba shughuli yoyote ya pamoja ya sikukuu inafanywa siku tatu baada ya Idi ya mji utakaochelewa. Wakala mwingine akapatikana. Wageni sasa tunapokezana mwaka mzima, nami nimesomesha watoto wote wawili kwa miguu yangu hii. Kaka yangu anajisifu kwa watu kwamba yeye ndiye aliyeniruhusu. Namwachia.

Nilijaribu mara mbili kumwambia Katibu kwamba nataka kusema kweli mbele ya kamati. Mara zote mbili aliniuliza habari za mlango wa rangi ya kijani karibu na msikiti. Kisha mkewe alifariki, naye akahamia Chwaka kwa bintiye, mmoja wa wale wa sabuni za mwani.

Mwaka jana Bi Mombasa alikuja kwa shughuli zetu, akanambia hatarudi kwao bila ya kumwona. Tukaenda Chwaka asubuhi. Tulimkuta amekaa ukumbini kati ya safu za sabuni zinazokaushwa, amepungua, macho yake yameingia ukungu, lakini kalamu tatu zipo. Bi Mombasa akafungua kikapu cha mahamri, mzee akala moja, tukamngoja.

"Bado yana upepo," akasema.

Bintiye akaleta chai. Nikaona kwamba nisiposema siku ile sitasema tena, kwa kuwa wawili hawa hawatakaa pamoja mara ya pili. Nikamgeukia Bi Mombasa nikamwambia yote: kwamba Katibu alinikataza, kwamba mimi ndiye niliyejibu, na kwamba yeye alijibebesha kosa mbele ya watu nami nikanyamaza, nikachukua kiti chake. Nilikuwa nalia kabla sijafika nusu.

Bi Mombasa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu:

"Mwanangu, ujumbe ule ulitoka kwa simu yako. Sote kumi na wawili twaliusoma uwanjani. Barua ya Katibu ilipokuja kusema ni yeye, twaliiweka mezani tukaitazama. Nikawaambia wenzangu, mzee huyu ana jambo anasitiri, na sisi tumsitirie. Basi hakuna aliyelitaja."

Katibu aliacha kutafuna. "Mlijua?"

"Yakhe, simu yako wewe ilikuwa haina hata herufi zilizokamilika."

"Miaka yote hiyo nnajiona nimekudanganyeni."

"Huna kipaji hicho."

Alicheka mpaka bintiye akaja mlangoni kuangalia. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nimekaa katikati yao nikifahamu kwamba kabla ya wakala, kabla ya kanuni ya siku tatu, miji hii miwili ilikuwa imeshashirikiana jambo moja bila ya kikao, nalo ni mimi. Nikawashukuru. Niliwashukuru vibaya, maneno yakigongana, na nawashukuru tena hapa.

Kisha nikamwomba Katibu ruhusa ya kusahihisha ule muhtasari, maana kitabu ninacho mimi, na ndani yake limo neno moja lisilo la kweli.

"Kitabu unacho hapo?" akauliza.

"Ninacho."

"Fungua ukurasa mpya. Macho yangu hayaandiki tena, andika wewe."

Akakaa vizuri. Akaniamrisha nitie siku na mahali, Chwaka. Waliohudhuria: watatu. Agenda: kujuliana hali. Nikangoja. Akaomba hamri jingine, akalila lote bila ya haraka, akajifuta vidole.

"Mengineyo," akasema. "Kikao kimekubaliana kwamba mahamri ya Mombasa ni mazuri kuliko maandazi yetu. Andika kwa wino."

Bi Mombasa akapiga kigelegele. Mimi nikaandika, kwa wino. Kitabu kile nimekisoma chote, na mpaka leo sijui kama hilo ni kweli, au ni uongo wake wa pili.